Faustina Niliyemsugua kwa Ndimu na Majivu

Baba Rahma,

Neno "mpendwa" nimeliruka kwa makusudi. Nitakupa mwisho wa barua, nikiona unalistahiki. Kwa sasa nna hasira na wewe, na mjane akiwa na hasira na marehemu wake hana pa kuzipeleka, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Bi Ruqaiya, yule mwalimu wako wa historia, kaja nyumbani jana baada ya alasiri. Katoa salamu, kakaa pale pale alipozoea kukaa zamani, chini ya saa ya ukutani, kanywa kahawa vikombe viwili, kisha kasema anaomba kitu kimoja katika vitu vyako. Si kasha zima la sarafu. Anamtaka Faustina peke yake, na Alhamisi atapita kuchukua jawabu. Nikamjibu "nitafikiri, mwalimu" kwa sauti tamu kama halua. Alipoondoka nikakiosha kikombe chake mara tatu.

Barua hii naiandika iwe wazi, aisome anayetaka. Uongo wangu kuhusu sarafu ile niliusema mbele ya watu, sebuleni kwetu, siku ya Idi, basi haki yake na ukweli nao usemwe mbele ya watu. Na wasiokujua wajue kwamba ulikuwa fundi saa, kiduka chako kiko Kiponda, upana wake mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Ulikuwa ukirudi nyumbani unanuka mafuta ya saa, na alama ya lenzi imekuzunguka jicho la kulia. Katika mji mzima wa Unguja hapakuwa na mtu mwingine, kwa ninavyojua mie, aliyekusanya sarafu za wafalme wa Kirumi.

Faustina ulimpata mwaka wa nne wa ndoa yetu. Ulinunua saa ya ukutani mnadani, katika vyombo vya nyumba moja ya Vuga ambayo wenyewe walihama, na ulipoifungua mgongo ukakuta kitambaa kimekunjwa, na ndani ya kitambaa kipande cha fedha, cheusi, kidogo kuliko ukucha wa dole gumba langu. Ukaniita. "Salha, njoo utazame." Nikaja na unga mikononi. Ukaniwekea lenzi jichoni, nikamwona mwanamke kageuza uso upande, nywele kasukwa mikia mikia, ikazungushwa kichwani na kufungwa juu kabisa, na lulu katikati. Nikasema, "Kasukwa vizuri huyu." Lilikuwa neno la kwanza jema nililomwambia, na la mwisho.

Ilikuchukua miezi kumjua jina. Ulikuwa ukinakili zile herufi za pembeni kwenye karatasi za risiti, ukaenda nazo kule walikokuwa wakikodisha kompyuta, ukarudi siku moja unahema. Huyu ni Faustina, mke wa Antonino, mfalme wa Roma, kapita duniani karibu miaka elfu moja na mia tisa iliyopita. Alikufa kabla ya mumewe. Na mumewe kwa huzuni akamjengea hekalu, wakamtangaza kuwa mungu, astaghfirullah, na akaendelea kupiga sarafu za sura yake mpaka na yeye alipokufa. "Miaka ishirini, Salha," ukanambia. "Miaka ishirini mtu anapiga sarafu za mkewe marehemu." Macho yamekujaa machozi. Mie nimekaa chini nachagua mchele, nakuuliza, na alipokuwa hai alimpikia nani? Ukacheka sana. Sikuwa nafanya mzaha.

Tangu hapo wake wenzangu wakaanza kuja kwa posta. Ulikuwa ukiandikiana na watu wa mbali wenye maradhi kama yako, wakikuletea visarafu vya shaba visivyotakiwa na wakusanyaji wakubwa. Akaja Livia, akaja Sabina, akaja Julia ambaye hata jina lake la ukoo sikulishika. Na waume zao nao, ingawa hao hawakunishughulisha. Ukawapanga katika lile kasha la mbao la vipuri vya saa, kila mmoja na kipakiti chake cha karatasi ya kaki, na juu ya kipakiti ukaandika kila kitu kwa mwandiko wako mdogo: jina, madini, kilikotoka, kilichokipata. Rahma alipokuwa na miaka sita akaangusha kimoja kwenye sakafu, ukaandika, "Kimeangushwa na Rahma, ukingo umebonyea." Ndugu yangu akakishika kingine na mikono ya sambusa, ukamwandika na yeye. Hukukasirika. Ulisema sarafu ina haki ya kujulikana imepita mikononi mwa nani.

Ulikuwa unapenda kunisimulia, nami nilikuwa napenda kukunyima sikio. Hivyo ndivyo ulivyodhani. Nilikuwa nasikia kila kitu. Nnajua kwamba Nero shingo yake ilinenepa mwaka hadi mwaka na wapiga sarafu hawakumficha. Nnajua kwamba kila mfalme mpya akikaa tu kitini huharakisha kupiga sura yake, ili askari waliko mbali wajue wanamtii nani, kama picha inavyotundikwa ofisini. Nnajua kwamba wafalme wa baadaye walipobanwa walichanganya shaba kwenye fedha, kidogo kidogo, mpaka ikabaki rangi tu juu. Ulinambia hata hili neno letu fulusi wanasema asili yake ni jina la sarafu ya Warumi, likapita kwa Waarabu ndiyo likatufikia sisi. Siku ile nilikugeuzia mgongo nikakwambia mchuzi unaungua. Haukuwa unaungua.

Kisha akaja Bi Ruqaiya. Alileta saa yake ya mkononi kidukani, ikawa siku hiyo umekwenda na Faustina kazini na umesahau kumfunika. Akachungulia, akauliza taratibu, "Huyu si Faustina?" Ulinihadithia mwenyewe usiku huo huo, bila hata kujua unachonihadithia. Ukasema ulitaka kuanguka kwenye kiti. Mtu kaingia kutoka barabarani, kafunga buibui yake, mkoba wa madaftari ya wanafunzi begani, na anamjua Faustina.

Ikawa kila Alhamisi baada ya alasiri yuko kwetu. Mlango wa sebule wazi, mie nimo ndani, mwanamke mwenyewe mjane wa heshima zake, kila akija "Bi Salha hujambo, watoto hawajambo," na kila akija na kijizawadi, mdalasini wa Kidichi, ndizi, kitu chochote. Ubaya wake ningeuona wapi? Ungekuwa unafanya la haramu ningejua la kufanya, kadhi yupo. Lakini mwanamke anamshitaki vipi mume ambaye kosa lake ni kufurahi? Mlibishana Faustina alifikaje kisiwani. Wewe ulitaka aje zamani zile zile, na vyombo vya bahari vya Misri vilivyokuwa vikishuka pwani hii kutafuta pembe na magamba ya kasa. Yeye akisema la, huyu kapitia India, huko sarafu za Roma zimejaa ardhini, kaja mfukoni mwa mtu pamoja na saa. Ukawa unapiga goti kwa kiganja na kucheka kicheko ambacho mie nilikuwa sijakisikia tangu uchumba.

Nilimwonea wivu. Naandika waziwazi, wivu wa kukosa hamu ya kula. Nilionea wivu hata zile herufi za pembeni kwa sababu yeye alizisoma kwa kidole na wewe ukamfuatisha. Mlipokwenda Unguja Ukuu na wanafunzi wake kutazama mahali wanapochimba vigae vya kale, ulirudi viatu vimejaa matope, unasimulia, unasimulia, mpaka wali ukapoa. Kwetu sisi wawili ulikuwa hujanipeleka hata Jozani kutazama kima. Nilivifua viatu vile, kisha nikavianika mahali penye kivuli ili visikauke upesi, usije ukapata vya kuvaa Alhamisi.

Sasa nafika penyewe.

Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani. Alhamisi. Nilikuwa nyuma ya pazia nakunja nguo za Idi, na nyinyi mko sebuleni. Mwalimu kamweka Faustina kiganjani, anamtazama tu. Nawe ukamwambia, kwa sauti ya chini, "Katika kisiwa hiki mwenye kumwona huyu ni weye tu."

Hukumaanisha kitu, sasa nnajua. Siku ile sikujua. Mie ndiye niliyemwona wa kwanza, Baba Rahma. Mie na unga wangu mikononi.

Unajua Idi ikikaribia nyumba za mji huu zinavyonuka ndimu na majivu. Kesho yake niliteremsha vyombo vyote vya shaba na vya fedha, sinia, mrashi wa kunyunyizia marashi, chetezo cha udi, nikakaa uani na kumbi la nazi, nikasugua kama mama yangu alivyosugua na bibi yangu alivyosugua. Wewe ulikuwa kidukani. Nilipomaliza mrashi nikanawa mikono, nikaenda kwenye kasha, nikamtoa Faustina kwenye pamba yake. Ulishanambia, na si mara moja, "Huo weusi ndio umri wake, Salha, asiguswe hata na kitambaa." Nilikumbuka kila neno. Nikakata ndimu mpya.

Weusi ulitoka mwanzo, upesi. Ningeishia hapo ningeweza kusema ni bahati mbaya. Sikuishia. Nilitia majivu zaidi, nikasugua zikatoka lulu, nikasugua ikatoka pua, nikasugua mpaka mkono ukaniuma na swaumu ikanikamata kichwa. Kisha nikamsuuza, nikamfuta, nikamrudisha kwenye pamba. Alikuwa anang'ara kama kijiko.

Siku ya Idi, mmetoka kusali, sebule imejaa ndugu na majirani, ukafungua kasha kuwaonyesha kama ulivyozoea kila mwaka. Ukamshika. Ukamgeuza upande wa pili. Kaka yako akauliza kuna nini. Ukainua macho ukanitazama, mie nimesimama mlangoni na sahani ya halua, na kabla hujasema kitu nikasema mie: nilidhani ni kama mrashi, nilitaka na yeye ang'are Idi. Watu wakacheka mpaka kahawa zikamwagika, eti mwanamke wa Kiunguja mpe hata malkia wa Roma atampaka ndimu. Ukacheka na wewe, kicheko cha nusu. Ukasema, "Kang'ara kweli." Ukamfunga. Hukunigombeza siku ile wala siku nyingine, na kisa kile kikawa cha kunitania kila Idi kwa miaka kumi na moja, nami kila Idi nacheka pamoja nao.

Baada ya Idi ile Bi Ruqaiya hakuja tena. Nikajiambia, naam, uzuri umekwisha, mtazamaji kaondoka. Nilishinda. Alhamisi ya kwanza isiyokuwa na mgeni nilipika biriani, wallahi, nikachoma na udi. Ukala, ukasifu, ukaenda kukaa kwenye kasha lako na mgongo umenipa mie. Na ndivyo ulivyokaa miaka yote iliyofuata, peke yako, midomo inakucheza unasoma bila sauti. Hukuniita tena kutazama. Nikadhani umekuwa mtu mzima, maneno yamepungua.

Ulipolala mgonjwa tukaombana radhi kama inavyopasa. Nikakwambia unisamehe ninayoyajua na nisiyoyajua. Ukanishika mkono, ukasema, "Yote nshasamehe. Hata lile." Sikukuuliza lipi. Niliogopa kulisikia, nikajidanganya kwamba unazungumzia mengine, nikakupa maji.

Basi jana, mwalimu kashafika mlangoni anavaa viatu, ikanishinda. Nikamuuliza kwa nini anamtaka yule aliyefutika uso, na kasha lina wengine wenye pua zao. Na kwa nini aliacha kuja.

Akasimama. Akasema, "Sikuacha mie, Bi Salha. Alinambia nisije."

"Alikwambia nini?"

"Alinambia, Salha kaumia na mie sikuona. Akasema nimwie radhi, lakini Alhamisi zimekwisha."

Nikamuuliza kama ulijua basi kwamba nilifanya kusudi. Mwalimu akanitazama kama wanavyotazamwa wanafunzi wa mwisho darasani, lakini kwa huruma. Akasema wewe ulimweka Faustina chini ya lenzi siku ile ile ya Idi, ukaona mikwaruzo imepita juu ya mikwaruzo, na mrashi hausuguliwi hivyo. Fundi saa anajua kazi ya dakika mbili na kazi ya saa nzima. Akaongeza kwamba anamtaka huyo kwa sababu ndiye mliyekuwa mkimzungumza, hata bila uso. Kisha akaaga.

Nikaosha kikombe, nshasema. Halafu nikafungua kasha. Kipakiti chake nilikuwa sijakisoma tangu siku ile, nilikuwa nakiogopa. Umeandika: "Faustina, mke wa Antonino. Fedha. Alikuwa ndani ya saa ya Vuga. Amesuguliwa, Idi." Basi. Wewe uliyemwandika mtoto wa miaka sita, uliyemwandika shemeji yako na sambusa zake, hapa hukuandika mtu.

Kwa nini hukunigombeza? Ungenipigia kelele mara moja tu ningelia, na katikati ya kilio ningekwambia kwamba nataka kuitwa na mie, kwamba shingo ya Nero naijua. Ukaona bora unisitiri. Ukamwondoa mtu mmoja aliyekuwa akikuelewa, ukakaa miaka kumi na moja na mgongo wako, na mie nyuma yako nalinda uongo ambao ulikuwa unaujua. Sote wawili tumo chumba kimoja. Nikikumbuka ile biriani natamani niitapike.

Na jua kwamba hata sasa wivu haujanitoka. Kinachoniuma kuliko yote ni kwamba wema wako kwangu nimeusikia kinywani mwake. Siri yetu mimi na wewe, yeye kakaa nayo miaka yote hiyo, na kila tulipopishana Darajani sokoni alikuwa ananiamkia huku anajua. Ulimwambia yeye kwamba nimeumia. Mie hukuniambia.

Nimempigia Rahma. Anasema mama, mpe tu, sarafu yenyewe haina sura, kisha uje ukae na sisi Fumba, nyumba mpya, hewa safi. Fumba nitakwenda kutembea. Sarafu sitoi.

Alhamisi nitamwambia Bi Ruqaiya hivi: Faustina hatoki nyumba hii. Aliyeharibiwa ni wangu, kwa sababu mie ndiye niliyemharibu, na jina langu nshaliandika kwenye kipakiti kwa kalamu ya wino, pale ulipopaacha wazi. Lakini kiti chake kipo chini ya saa. Akae. Anifundishe zile herufi za pembeni, maana mie visa nnavyo vyote ila kusoma kwake sijui. Kahawa nitapika, na kikombe nitakiosha mara moja. Nikiona anazidi kucheka nitamkatiza na shingo ya Nero, ajue kwamba hakuwa peke yake aliyekuwa anasikiliza.

Asubuhi hii nimevaa lenzi yako. Imenisumbua, jicho langu dogo kuliko lako. Nikamweka Faustina dirishani, nikamgeuza geuza kwenye mwanga. Uso hakuna, mikwaruzo tu, nami nimeitazama yote, sikukwepa hata mmoja. Kisha karibu na sikio, mahali penye shimo ambapo kumbi la nazi halikufika, nimeona msuko mmoja umebaki. Mwembamba, mweusi bado, umeshikana vile vile. Nimekuita, Baba Rahma. Nimesema kwa sauti, njoo utazame. Halafu nikakaa chini.

Basi chukua neno lako nililokuwekea. Mpendwa. Mpendwa wangu, nisamehe, na safari hii nnajua nakuomba radhi ya jambo gani. Lala kwa rehema za Mola. Na huko uliko usimtafute mtu wa Roma. Ningoje mie.

Mkeo, na hukupata kuwa na mwingine,
Salha